Tabibu naye ni mwanafunzi: Tunamsaidia au tunamkwamisha?

Kila sifa njema ni ya Allah (SW), aliyemfundisha mwanaadamu yale asiyoyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Leo tuanze na maneno ambayo wengi wetu tumeyasikia majumbani, na huenda tumewahi kuyasema wenyewe. Mama amempeleka mtoto zahanati. Anaporudi jirani anamuuliza, "Vipi, mmepata dawa?" Mama anajibu kwa hasira, "Dawa gani dada yangu! Yule daktari mwenyewe hajui kitu. Namweleza shida ya mtoto, anafungua kitabu mbele yangu! Kesho naenda kwingine." Wote waliokaa barazani wanatikisa vichwa, na kuanzia siku hiyo yule tabibu anakuwa na jina mtaani: daktari wa kitabu.

Swali letu la leo ni hili: Je, tabibu aliyefungua kitabu mbele ya mgonjwa ni tabibu asiyejua kazi, au ni tabibu anayeogopa kukosea? Jibu lake si dogo, kwani linahusu maisha ya watoto wetu na wazee wetu. Safu hii imezoea kuzungumzia usafi wa maji, chakula na nyumba. Leo tumtazame yule tunayemkabidhi miili yetu: anajifunzaje baada ya kumaliza chuo, nini kinamsaidia, nini kinamkwamisha, na sisi wa majumbani tuna sehemu gani katika hilo.

Dawa ya kutojua ni kuuliza

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (RA) kisa cha msafiri mmoja aliyepigwa na jiwe kichwani akapata jeraha, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akaoga, jeraha likamdhuru, akafariki. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) alikasirika sana, akawalaumu kuwa wao ndio waliomuua, na akahoji kwa nini hawakuuliza pale walipokuwa hawajui. Kisha akabainisha kwamba tiba ya kutojua ni kuuliza.

Tuutazame msingi huu vizuri. Watu wale hawakuwa na nia mbaya. Kosa lao lilikuwa kutoa jibu la uhakika katika jambo wasilokuwa na uhakika nalo, na mtu akapoteza maisha. Aidha, imepokewa pia na Abu Daud kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, huyo anabeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Kwa hiyo katika Uislamu kutibu ni amana, na amana hii haimalizwi na cheti kilichotundikwa ukutani.

Kwa nini cheti hakitoshi?

Tuchukue mfano wa malaria, ugonjwa tunaoujua sote. Tabibu aliyemaliza chuo hapa Tanzania Bara katika miaka ya 1990 alifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka 2001 klorokwini ikaondolewa kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaja SP. Hazikupita hata siku nyingi, mwaka 2006 SP nayo ikaachwa katika tiba ya kawaida na nafasi yake ikachukuliwa na dawa ya mseto. Zanzibar walikuwa wameanza kutumia mseto tangu mwaka 2003. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likataka kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, mtoto kwa mtu mzima. Mwaka huo huo utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, ulionyesha kwamba sindano ya artesuneti inaokoa watoto zaidi kuliko kwinini. Kwinini iliyotegemewa kwa miaka mingi ikapoteza nafasi yake ya kwanza.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Huo ni ugonjwa mmoja tu. Tabibu aliyebaki na daftari lake la chuo anatibu malaria ya leo kwa elimu iliyokwisha kufutwa mara nne. Wala hakuna mwalimu anayemfuata zahanati kila asubuhi kumwambia kwamba mambo yamebadilika. Inambidi ajisimamie mwenyewe.

Kujifunza kwa kujisimamia ni nini?

Wataalamu wa elimu ya udaktari wa Marekani, katika makala waliyoitoa mwaka 2017, waliipanga kazi hii katika hatua nne. Tuzieleze kwa mfano wa mtoto mwenye homa.

1. Kupanga. Tabibu anajiuliza: Ni kitu gani hapa sikijui vizuri? Mtoto ana homa, kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea. Je, ninajua sababu nyingine za homa kwa mtoto wa umri huu?

2. Kujifunza. Anatafuta jibu katika mwongozo wa matibabu, kwa mwenzake mwenye uzoefu, au kwa bingwa kwa njia ya simu.

3. Kujipima. Baada ya kutibu anauliza: Mtoto alipona? Nilichofanya kililingana na mwongozo?

4. Kurekebisha. Anabadilisha utaratibu wake ili mgonjwa wa kesho anufaike na kosa au faida ya leo.

Muislamu hatashangaa kusikia hayo, kwa sababu ndiyo muhasaba. Wanazuoni wetu wametuhimiza mtu aihesabu nafsi yake kabla haijahesabiwa: alinuia nini, alifanya nini, alipungukiwa wapi, kesho atatengeneza nini. Tofauti ni kwamba tabibu, juu ya muhasaba wa ibada zake, ana muhasaba wa wagonjwa wake.

Kisa kilichonifundisha

Naomba niseme kosa langu mwenyewe, huenda likamfaa mtu. Miaka ile vipimo vya haraka vya malaria vilipoanza kuingia vituoni, nilikuwa tabibu kijana katika kituo kimoja cha afya. Usiku mmoja mama alileta mtoto wa miaka miwili hivi, ana homa na kikohozi. Tukampima, hakuna malaria. Mimi nikasema moyoni, kipimo kimekosea, homa kama hii ni malaria tu. Nikaandika dawa ya malaria, mama akashukuru, akaondoka. Kwenye rejista nikaandika: malaria. Kazi imekwisha.

Siku ya tatu yule mama alirudi. Mtoto alikuwa anapumua kwa kasi na kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi. Muuguzi mmoja mtu mzima, ambaye sote tukimwita Mama, alimtazama, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Dokta mwanangu, siku ile ulihesabu pumzi?" Sikuhesabu. Mtoto alikuwa na nimonia, na sikuitafuta kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua. Tulimpa oksijeni na sindano, tukampeleka hospitali ya rufaa, na alhamdulillah alipona.

Tangu siku hiyo sijamruhusu mtoto mwenye kikohozi na homa atoke chumbani kwangu bila kumhesabu pumzi kwa dakika nzima. Lakini jambo lililonikaa zaidi moyoni ni hili: nilijifunza kwa sababu mama yule alirudi kwangu. Angenikasirikia akaenda kwingine, mimi ningebaki na rejista inayosema malaria, na ningeendelea kufanya kosa lile lile kwa watoto wengine huku nikijiona hodari. Na Mama yule angenifokea mbele ya watu, huenda ningejitetea badala ya kujifunza.

Mambo yanayomkwamisha tabibu

Kwanza, kujiona amefika. Tunajua kisa cha Nabii Musa (AS), alipoulizwa ni nani mwenye elimu zaidi akajitaja mwenyewe, na Allah (SW) akampeleka kwa mja Wake Khidhr akajifunze asiyoyajua. Ikiwa Nabii alifunzwa hivyo, tabibu ni nani? Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006, uliokusanya tafiti nyingi za kulinganisha jinsi madaktari wanavyojipima na jinsi wanavyopimwa na wengine, ulikuta kwamba madaktari hawajipimi vizuri. Waliokosea zaidi katika kujipima ni baadhi ya wale wenye ujuzi mdogo na wale wenye kujiamini sana. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2005 ulipitia tafiti 62, na katika zaidi ya nusu yake ubora wa kazi ulipungua kadiri miaka ya daktari kazini ilivyoongezeka. Kwa hiyo mvi peke yake si ushahidi wa elimu. Miaka 30 kazini inaweza kuwa miaka 30 ya kujifunza, na inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara 30.

Pili, mazoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliwaangalia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa kwa uangalifu, waliokuwa na vimelea ni 2,062 tu, chini ya nusu. Kibaya zaidi, wale wasiokuwa na vimelea ndio waliofariki kwa wingi zaidi, kwa kuwa maradhi yao ya kweli yalikuwa mengine. Ulipokuja utafiti wa mwaka 2007 katika eneo hilo hilo, ilionekana kwamba hata pale kipimo kilipoonyesha hakuna malaria, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliandikiwa dawa ya malaria vile vile. Kipimo kipya kilikuwa kimefika, lakini mazoea ya zamani yalikuwa hayajaondoka. Nami nilikuwa mmoja wao.

Tatu, kutojua mwisho wa mgonjwa. Fundi cherehani akikosea, mteja anarudi na nguo. Tabibu akikosea, mara nyingi mgonjwa harudi. Ama amepona mwenyewe, ama amekwenda kwingine, ama amefariki nyumbani. Tabibu anahesabu wote hao kuwa wamepona.

Nne, woga wa aibu. Pale ambapo anayekiri kosa anadhalilishwa, watu hujifunza kuficha. Daftari linaandikwa vizuri, kosa linazikwa, na mwingine atalirudia.

Tano, wingi wa wagonjwa na uhaba wa watumishi. Tabibu mwenye foleni ndefu nje ya mlango na dakika chache kwa kila mgonjwa hana nafasi ya kujiuliza maswali. Anashika lile la kwanza lililomjia kichwani.

Sita, kudhani kwamba semina ndiyo elimu. Semina ya siku mbili ukumbini ina faida yake, lakini tabibu akirudi kituoni akakuta hakuna vifaa, hakuna msimamizi wa kumfuatilia, na wenzake wote wanafanya vile vile kama zamani, mengi aliyoyasikia hubaki kwenye begi la semina.

Funzo kutoka Vienna

Katika jambo la usafi kuna kisa ambacho kila mtu wa afya anapaswa kukijua. Mwaka 1847 katika hospitali moja ya mji wa Vienna, Austria, daktari aitwaye Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi wengi wanakufa kwa homa ya uzazi katika wodi inayohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, kuliko katika wodi ya wakunga. Akatambua kuwa madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwashika wazazi. Akaamuru wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo walikuwa wanakufa wazazi karibu 18 katika kila 100. Kufikia Juni na Julai, hawakuzidi 3 katika kila 100.

Ungetarajia madaktari wa Ulaya wafurahi. Wengi walimpinga. Kukubali ukweli ule kulimaanisha kukiri kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua, na hilo ni zito kwa nafsi. Semmelweis naye alichelewa kuandika kitabu chake hadi mwaka 1861, na akawashambulia wapinzani wake kwa maneno makali, jambo lililozidisha ukaidi. Alifariki mwaka 1865 kabla kazi yake haijakubalika. Hapa kuna mafunzo mawili: kiburi humzuia mtu kuona ushahidi ulio mbele ya macho yake, na nasiha isiyo na upole huweza kumkimbiza anayenasihiwa.

Mambo yanayomsaidia

Kwanza, adabu ya kutofautiana na mwalimu kwa ushahidi. Hii ni adabu ya matabibu wetu wa zamani. Al-Razi, aliyefariki takriban mwaka 925, alimheshimu Jalinus wa Wayunani kama mwalimu wake, na bado akaandika kitabu kizima cha kueleza shaka zake juu ya mafundisho ya Jalinus. Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Cairo, aliandika mwaka 1242 kwamba damu hutoka upande mmoja wa moyo kwenda mwingine kwa kupitia mapafu, si kwa matundu ndani ya moyo kama Jalinus na Ibn Sina walivyosema. Hawakuwatukana waliowatangulia. Walichunguza, wakasema walichokiona.

Pili, kuandika. Al-Razi aliacha maandishi mengi ya wagonjwa wake na ya vitabu alivyosoma, na baada ya kufariki wanafunzi wake wakayakusanya yakawa kitabu kikubwa cha Al-Hawi. Tabibu wa leo naye anaweza kuwa na daftari dogo: mgonjwa aliyenishangaza leo, nilichodhani, kilichokuwa kweli.

Tatu, kuletewa taarifa ya kazi yake. Uchunguzi wa mwaka 2012 uliokusanya majaribio 140 ulionyesha kwamba watumishi wa afya wakipimwa na kuonyeshwa matokeo yao, kazi yao huwa bora zaidi. Faida huwa kubwa pale taarifa inapotoka kwa msimamizi au mwenzake, inapotolewa zaidi ya mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi, ikiwa na lengo na mpango wa kulifikia.

Nne, ukumbusho mdogo wa mara kwa mara. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha zahanati na vituo 107. Baadhi ya watumishi walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kwa miezi sita kuwakumbusha namna ya kumtibu mtoto mwenye malaria. Watoto waliotibiwa sawasawa waliongezeka kwa takriban 24 katika kila 100 ukilinganisha na vituo visivyopata ujumbe, na faida hiyo ilikuwepo hata miezi sita baadaye. Ukumbusho huwafaa waumini, na matabibu pia.

Tano, kujifunza katika kundi dogo la wenzao, na wagonjwa nao wakielimishwa. Hapa Tanzania, katika wilaya za Muheza na Moshi Vijijini, ilijaribiwa njia ya kuwakutanisha watumishi katika vikundi vidogo, kuwatumia ujumbe wa simu, na katika baadhi ya vituo kuwapa wagonjwa vipeperushi na mabango. Dawa za malaria kwa wasio na malaria zilipungua. Zingatia hapo: hata mgonjwa aliingizwa katika darasa. Sababu iko wazi. Tabibu anaweza kujua kabisa kwamba kipimo hakina malaria, lakini akaandika dawa kwa kumwogopa mama aliyekaa mbele yake.

Sisi wa majumbani tufanye nini?

Ndugu Waislamu, hapa ndipo penye sehemu yetu. Haya yapo ndani ya uwezo wa kila familia:

1. Usimdharau tabibu anayefungua kitabu, anayepiga simu kuuliza, au anayekwambia, "Hili sina hakika nalo, ngoja nimwite mwenzangu." Huyo ameikimbia hatari iliyompata yule msafiri wa kwenye hadithi. Mwambie, "Ahsante daktari, nakusubiri." Anayestahili kutiliwa shaka ni yule asiyewahi kusema sijui.

2. Rudi na jibu. Ukiambiwa urudi baada ya siku mbili au tatu, rudi hata kama mtoto amepona, au tuma salamu. Asipopona, rudi hapo hapo au ukienda kwingine mjulishe yule wa kwanza. Hiyo ni sadaka kwa watoto wa wenzako.

3. Beba kumbukumbu. Weka daftari la matibabu, kadi ya kliniki na karatasi za vipimo katika mfuko mmoja safi. Usifiche dawa uliyonunua dukani, dawa ya kienyeji wala kombe ulilokunywa. Tabibu hawezi kujirekebisha kwa habari za nusu.

4. Usilazimishe dripu, sindano au dawa ya malaria. Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta malaria kwa takriban mtoto 1 katika kila 10 tu. Wengi, zaidi ya 6 katika kila 10, walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa yake yalitokana na virusi ambavyo havihitaji antibiotiki. Tunapomshinikiza tabibu, tunamfundisha kuacha anachokijua.

5. Uliza kwa adabu. Maswali matatu yanatosha: Ni ugonjwa gani unaodhani? Je, unaweza kuwa kitu kingine? Nikiona dalili gani nirudi haraka? Swali la pili hasa humfanya tabibu asimame kidogo na kufikiri upya.

6. Kumbusha usafi bila kuona haya. "Samahani daktari, ningeomba unawe mikono kwanza," si matusi. Sisi ambao tunatawadha mara tano kwa siku tusione tabu kulisema hilo.

7. Ukiona kosa, nasihi na ushitaki kwa njia yake. Mwone tabibu faragha, kisha mganga mfawidhi, na kamati ya afya ya kituo. Anayefanya uzembe, anayedai rushwa au anayekuja kazini amelewa, huyo ashitakiwe bila kuonewa haya. Lakini tumtofautishe na yule aliyekosea, akakiri, akajifunza. Tukiwafokea wote sawa, wote watajifunza kuficha.

Ieleweke vizuri kwamba subira hii haina nafasi penye dalili za hatari. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyejitambua, apelekwe kituoni mara moja, usiku au mchana. Vivyo hivyo mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani akipumua, au anayepumua kwa kasi: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano. Hesabu akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mama anayejua kuhesabu pumzi anaweza kumkumbusha hata tabibu aliyesahau, kama nilivyokumbushwa mimi.

Maswali ya kujipima nyumbani

Wazazi na vijana wakae baada ya Magharibi wajiulize:

1. Mara ya mwisho tulipotibiwa, je, tulirudi kueleza kilichotokea?

2. Je, tumewahi kumlazimisha tabibu atupe dawa ambayo alisema haifai?

3. Kumbukumbu za matibabu za kila mtu katika nyumba hii ziko wapi?

4. Je, kuna tabibu au muuguzi tuliyemvunjia heshima kwa sababu tu alikiri hajui?

Ndugu msomaji, Allah (SW) alimwamuru Mtume Wake, aliyekuwa mbora wa viumbe, amuombe amzidishie elimu. Basi hakuna tabibu aliyekwisha kushiba elimu, na hakuna mgonjwa asiyeweza kuwa mwalimu. Tumuombe Allah awazidishie elimu na unyenyekevu wale wanaotutibu, awape wagonjwa wetu shifaa, na atujaalie sisi kuwa wasaidizi wao katika kheri. Amin.

Wallahu a'lam. Inshaallah tukutane tena katika safu hii. Wabillahi tawfiq.